Mwanafunzi wa Kujifanya

Shangazi yangu Mahbuba hajapata kusoma chuo kikuu hata siku moja, lakini amekaa darasani Marekani Agosti tano, akipewa chakula cha mchana na fulana ya chuo, na kazi yake ikiwa ni kutofahamu.

Mwaka 2006 alikuwa karani wa mapokezi kwenye kituo cha afya hapa Maskati. Mume wake, ami Sinan, alipata nafasi ya kusomea shahada ya juu ya jiolojia kwenye chuo kikuu kimoja katikati ya Marekani, katika mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Chuo kilimsamehe ada kwa sharti kwamba awe msaidizi wa kufundisha, awasomeshe vijana wa mwaka wa kwanza kwenye maabara ya mawe. Mahbuba akaomba likizo bila ya mshahara, wakamchukua binti yao Nawar, wakati huo ana miaka mitano, wakasafiri.

Kumbe wasaidizi wote wanaotoka nchi za nje hupitishwa kwanza kwenye mafunzo. Wiki tatu kabla ya muhula hufundishwa namna ya kuanza somo, kupanga ubao, kujibu swali wasilolijua jawabu lake, hata namna ya kumtazama mwanafunzi. Mwisho wake kila mmoja hutoa somo la dakika kumi mbele ya kamera. Akifaulu anapewa darasa. Asipofaulu anawekwa chumba cha chini kusahihisha mitihani ya madarasa ya wenzake, mpaka muhula mwengine ajaribu tena.

Aliyeyasimamia mafunzo yale alikuwa mama mmoja wa makamo, mrefu, mvaa raba siku zote, jina lake Bi Marlene. Shida yake kila mwaka ilikuwa moja. Agosti wanafunzi wa Kimarekani wako likizo, kwa hivyo walimu wapo na wa kufundishwa hawapo. Ndipo akawaomba wake na waume wa wale wasaidizi waje wajifanye wanafunzi. Mahbuba alikuwa kutwa yumo fletini, anatazama mahindi kupitia dirisha la jikoni. Alikubali kabla hajamaliza kuulizwa.

Kila mwanafunzi wa kujifanya alipewa kikaratasi chenye maelekezo. Mmoja aliambiwa achelewe na aingie kwa kishindo. Mwengine alalamikie alama zake. Mwengine alale. Siku ya zamu ya Sinan, kikaratasi cha Mahbuba kilisema: hujafahamu, uliza mpaka ufahamu. Alimkalisha Nawar pembeni na kalamu zake za rangi, akakaa safu ya mbele.

Sinan aliingia amevaa tai. Somo lake lilikuwa namna mafuta yanavyokaa chini ya ardhi. Akawageuzia watu mgongo, akaanza kuujaza ubao. Mahbuba akanyosha mkono. Amekulia Maskati, katika nchi inayoishi kwa mafuta, na umri wake wote alidhani chini ya jangwa pana ziwa kubwa jeusi, watu wanatia mpira na kuvuta. Kwa hivyo akauliza hilo ziwa liko kina gani. Sinan akasema hakuna ziwa, mafuta yamo ndani ya jiwe. Mahbuba akauliza kitu cha majimaji kinakaaje ndani ya jiwe. Sinan akaandika hesabu ya asilimia. Mahbuba akanyosha mkono mara ya tatu, akasema bado. Hapo Sinan aligeuka, akamkazia macho, akasema jambo lenyewe ni rahisi sana, akarudi ubaoni. Wachina wawili, Mkorea msaidizi wa hisabati na mwanamke wa Kituruki, waliokaa darasani mle kama wanafunzi, wakainamisha vichwa vyao. Wote walijua kwamba yule ni mkewe.

Bi Marlene alikaa na Sinan wakautazama mkanda pamoja. Akausimamisha penye neno "rahisi". Alimwambia kwa upole kwamba jiolojia anaijua barabara, lakini mwanafunzi aliyeambiwa jambo ni rahisi hatouliza tena mpaka muhula uishe. Halafu akaandika kwenye fomu kwamba bado, ajaribu tena baada ya wiki.

Jioni ile Sinan alikula peke yake. Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, alimkuta mkewe jikoni anakata mkate wa kumimina, ule wa unga wa mchele alioupika jana yake.

"Ulinifedhehesha," alimwambia.

"Nlipewa kikaratasi."

"Kikaratasi hakikukwambia uulize mara tatu."

"Kilinambia niulize mpaka nifahamu. Na wallahi, Sinan, hata bila ya hicho kikaratasi, sikufahamu. Mpaka sasa hivi sijui hayo mafuta yako wapi."

Shangazi husema kwamba alitegemea Sinan atanuna tena. Badala yake alivuta kiti, akaweka kipande cha mkate kwenye sahani, akachukua kikombe cha chai na kuimimina juu yake taratibu. Chai ikazama yote.

"Chai iko wapi?" akamuuliza.

"Imeingia kwenye tundu za mkate."

"Humo ndani mna ziwa la chai?"

"Hamna."

"Basi na jiwe ndivyo hivyo hivyo. Tundu zake ndogo tu, huzioni kwa macho."

Mahbuba akataka kujua, kama ni hivyo, kwa nini mafuta hayapandi juu yenyewe. Sinan akachukua kawa, akafunika sahani, akamweleza kwamba juu ya jiwe lile kuna jiwe jengine lisilopitisha kitu. Walikuwa bado wanazungumza Nawar alipoamka na kutaka maziwa. Hapo ndipo Mahbuba alipomwambia jambo ambalo Bi Marlene asingeweza kuliona, maana Kiswahili, lugha yetu ya nyumbani, hakijui.

"Ukisema Kiswahili unanitazama miye. Ukisema Kiingereza unautazama ubao."

Wiki nzima walifanya mazoezi pale pale jikoni, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, na kila macho ya Sinan yalipokimbia Mahbuba aligonga meza. Nyuma ya jengo Sinan aliokota tofali. Siku ya jaribio la pili aliliweka mbele ya watu, akalimwagia gilasi ya maji, akakaa kimya mpaka maji yakapotea. Halafu akawauliza yamekwenda wapi. Yule mwanamke wa Kituruki, aliyeambiwa siku hiyo ajifanye amelala, alisahau kulala. Sinan alipewa darasa.

Baada ya hapo Mahbuba akawa hakosi. Agosti iliyofuata Bi Marlene hakumpa tena kikaratasi, alimwambia asikilize tu na aulize lolote asilolifahamu. Habari zikaenea miongoni mwa wasaidizi kwamba yupo mama wa Kiomani ukimfahamisha yeye umeshamfahamisha kila mtu. Wakawa wanagonga mlango wa fleti kabla ya mitihani yao. Yule Mkorea wa hisabati, aliyekuwa bado hajafaulu, alikuja jioni tatu mfululizo na ubao mdogo kwapani, akala pilau, akarudia somo lake mpaka Mahbuba aliposema sasa nimekuelewa. Kijana yule alilia.

"Sijapata kuhitajika vile maishani," shangazi aliniambia siku moja. "Na nlikuwa sifanyi kitu. Nkikaa na kusema sijafahamu."

Walirudi Maskati mwaka 2011, wakajenga nyumba mtaa wa Al Khoudh. Sinan alipata kazi kwenye kampuni iliyoko mtaa wa Qurum, na Mahbuba akarudi kwenye meza yake ya mapokezi. Miaka ikapita hivyo. Siku moja jirani yake Kheiria, anayefanya kazi kwenye chuo kimoja kidogo cha binafsi, alimlalamikia kwamba walimu wao wapya wanajua mambo lakini wanafunzi wanatoka mikono mitupu. Mahbuba akamwambia, kama utani, kwamba yeye anaweza kwenda kukaa nyuma akasikiliza. Kheiria hakulichukua kama utani. Tangu hapo kila Septemba shangazi hukaa safu ya mwisho, na walimu wapya humsomesha. Mmoja wao, Japheth, Mkenya anayesomesha Kiingereza, alikuja amekunja uso kwa sababu alikuwa ameshafundisha Kisumu miaka kumi. Alitoka anafuta jasho. "Mama Nawar," alisema, "huko kwetu hakuna mtu amewahi kuniuliza swali kama hilo."

Mwaka huu Nawar mwenyewe amepata nafasi Marekani, kusomea shahada ya juu ya viumbe vidogo, na atakuwa msaidizi wa kufundisha vile vile. Mamake alizipanga sofa za sebuleni safu mbili kama darasa, ili afanye mazoezi, na kumuita Kheiria, nami pia nikaitwa. Lakini mafunzo siku hizi yako kwenye mtandao. Nawar aliyamaliza chumbani kwake kwa alasiri mbili. Kompyuta ilimsikiliza matamshi, ikampa alama, na cheti kikatoka kabla ya maghribi.

Shangazi alisema mashallah, akambusu. Halafu akauliza wanafunzi walikuwa nani.

"Vikatuni tu, mama."

"Wanauliza?"

"Wanauliza maswali matano. Yale yale kwa kila mtu."

Shangazi akaanza kurudisha sofa mahali pake, na mimi nikamsaidia.

Nawar alisafiri katikati ya Agosti, na mimi ndiye niliyewaendesha mpaka uwanja wa ndege. Wakati wa kurudi ami Sinan alitaka tusimame tunywe karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki. Nilipiga honi, kijana wa mgahawa akatuletea vikombe dirishani. Joto la nje lilikuwa linaunguza, vioo tukavifunga haraka. Shangazi alianza kuzungumzia harufu ya mahindi baada ya mvua, na Bi Marlene, aliyefariki miaka miwili iliyopita, na watu waliokuwa wakigonga mlango. Alisema kwamba siku hizi Agosti ikifika hujikuta anategea sikio mlangoni, na haji mtu.

Ami Sinan alikunywa chai yake, halafu akasema, "Siku ile uliponiuliza mara tatu, nlikwenda ofisi ya wanafunzi wa nje. Nlitaka tikiti turudi kwetu."

Shangazi aligeuka akamtazama. Miaka kumi na minane walikuwa wameihadithia habari ile mbele ya wageni, na kipande hicho hakuwahi kukisikia.

"Ikawaje?"

"Nlikuta wameshafunga. Nlichelewa dakika tano."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ukanambia hujui mafuta yako wapi. Nkaona siwezi kuondoka na wewe hujafahamu bado."

Shangazi alikishusha kikombe chake. Halafu akasema kwamba yule karani aliyefunga ofisi kwa wakati wake, Mungu amjaze kheri. Akacheka, na ami Sinan naye akacheka, mpaka kijana wa mgahawa akaja kutazama kama tunataka kitu chengine.