Mlango wa Mikrowevu

Uhuru tulikuwa tumeshaupata, lakini sisi wapishi wa hoteli ile ya Diani tulifungiwa jikoni tangu asubuhi mpaka wageni wamalize kula. Meneja alidai kuwa nyama inaibwa. Nyama gani! Sisi tuliijua mifupa tu. Madirisha aliyaziba kwa bati lenye matundu madogo, basi bahari tuliiona, kuifikia hatukuweza.

Siku mikrowevu ilipoletwa, mwenzangu wa Msambweni aliweka ndani yake sahani ya wali, akaifunika kwa kifuniko cha sufuria. Kwao, kama kwetu, chakula hakiachwi wazi. Akasema bismillahi, akabonyeza. Cheche zikaruka. Tukaukimbilia mlango, tukaugonga kwa miiko na ngumi.

Meneja alikuja kufungua, akatufokea, kisha akatufundisha. Mawimbi ya mashine hii hupenya sahani ya kauri na kuyatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula mpaka kipate moto, lakini yakikuta chuma hurudi nyuma. Mlango wake nao una bati lenye matundu nyuma ya kioo: mwanga hupita, mawimbi hayapiti.

"Na mkiufungua tu, mashine inajizima yenyewe, isije ikamwunguza mtu," alisema kwa fahari. "Aliyeitengeneza aliwafikiria nyinyi."

"Na mlango huu wa jikoni, bwana," nikamwuliza, "anayeufunga anamfikiria nani?"

Alitoka, nasi tukausikia ufunguo ukizunguka kwa nje.