Mvua Tatu juu ya Kichuguu

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Moso, mashariki kule mpakani, baada ya vita kufika kwenye kilima chao. Alikuja na mkeka, ungo na malalamiko. Dagaa wa ziwani hakuwataka, alisema wanamwangalia. Alichotaka ni kumbikumbi wa mvua za kwanza, na nyuma ya nyumba tuliyopanga huko Musaga, pembezoni mwa mji, palikuwa na kichuguu kirefu kunizidi.

Shida ni kwamba mwenye nyumba alikitaka pia. Udongo wa kichuguu hutoa matofali mazuri, na watu waliokimbia vita walikuwa wakitafuta vyumba kila upande. Akaja na jembe begani.

"Mzee, ngoja watoke kwanza," nikamwambia. "Mi nakupa robo ya ungo."

"Mi mutu wa Mugamba, kule juu mulimani. Kwetu tunakunywa maziwa. Wadudu apana."

"Basi nusu."

"Nusu ya kitu sili, nitaipeleka wapi?"

Mimi nauza vitenge sokoni. Mteja anayeuliza swali bado hajaondoka. Tukapatana kwamba tungejaribu mvua ya kwanza ikinyesha. Wasipotoka, kichuguu ni matofali, na mimi mwenyewe nitasaidia kubeba udongo. Alipoondoka, mama mkwe aliniuliza nani alinituma kuweka rehani kichuguu chake. Chake, alisema, na alikuwa hajamaliza hata kufungua mizigo.

Mvua ikanyesha adhuhuri moja, ikakatika. Mama mkwe alikuwa tayari amefyeka majani, amejenga kijumba cha fito na majani ya migomba juu ya kichuguu, ameacha tundu moja na kuchimba shimo mbele yake ili wadondokee humo. Akakaa na vijiti viwili na kipande cha ubao mkavu, akaanza kugonga. Ndivyo wanavyofanya kwao: kumbikumbi wakisikia matone wanadhani mvua imerudi, wanapanda. Aligonga mvua ya Moso: polepole, halafu kishindo, halafu kimya cha kutisha.

Jirani yetu, mama aliyevuka kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, alisikiliza mlangoni kwake akatikisa kichwa.

"Mama, hiyo mvua yako inaumwa. Kwetu inashuka mulimani inapiga tu." Akaleta debe, akaanza kulipiga.

"Hiyo ni harusi," mama mkwe akasema bila kuinua macho. "Watatoka na zawadi?"

"Wacha watoke hata na kwaya."

Nikawaomba wapunguze, maana askari wa kizuizi cha barabarani wasingeamini kwamba tunaita wadudu. Wakapunguza. Mwenye nyumba alifika na jembe lake, akachungulia shimo. Tupu, nilikuwa nimelikagua mara mbili. Akaketi juu ya ndoo kungoja, na kungoja kukamshinda.

"Munagonga kama watu wanadai. Mvua haina haraka."

Akatwaa kijiti kimoja mkononi mwa mama mkwe, akaanza kugusa ubao kwa ncha, laini, bila kupumzika: manyunyu ya Mugamba, yale ya kutwa nzima, ya kukaa ndani na blanketi. Debe likamfuata kwa chini. Mama mkwe akaongeza kijiti kilichobaki.

Bawa moja likaonekana tunduni. Halafu shimo likachemka.

Mvua ya nani iliwatoa, jambo hilo linabishaniwa mpaka leo. Tuliwakaanga pale uani kwa chumvi, bila mafuta, na mama mkwe, kwa kuwa ndiye mkubwa, akaonja wa kwanza. Alitafuna, akafikiri.

"Wana ladha ya mujini," akasema, akachota tena.

Mwenye nyumba alikuwa akitueleza kwamba kwao ni maziwa tu, huku mkono wake ukienda ungoni. Nilihesabu, nikarudia kuhesabu: ile nusu aliyoikataa ilikuwa imekwisha, na sasa alikuwa ndani ya nusu yangu.

Alipoinuka aliuliza, kama mtu anayeuliza saa, kama huwa wanatoka tena.

"Mvua ikikolea," mama mkwe akasema. "Kama watakuta nyumba yao ipo."

Mwenye nyumba akatia jembe begani. Udongo wa matofali akaenda kuuchimba kwingine.