Diski ya mwisho iligoma Kakuma, mwisho tukauona Lodwar

Wakuu, habari za saa hizi. Vuteni viti.

Nikitia chumvi mahali, mwenye stori yuko hai, ana bakora yake, na najua kuna mtu humu atampelekea maneno. Kwa hiyo nitasema kama ilivyokuwa.

Mwaka 2012 nilitoka kwetu Kitale nikaenda Kakuma kutafuta riziki. Nikapata kazi kwa Deng, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini aliyekuwa na kibanda cha video kwenye kambi ya wakimbizi. Mabati juu, mabati kando, joto usiseme. Mimi nilikuwa DJ, yaani picha inacheza na mimi nimeshika maiki natafsiri kwa Kiswahili palepale.

Siku moja Deng akaletewa diski kutoka Nairobi. Aliagiza za kung fu. Akaletewa tamthilia ya diski kadhaa, ya mama mmoja mzungu, mzee, mcheza ballet.

Kwa asiyejua, ballet ni ile dansi ya kusimama kwa ncha za vidole vya miguu. Huyu mama zamani alikuwa moto wa kuotea mbali. Umri ukaingia, goti likaharibika, akasahaulika. Sasa amepata nafasi ya kurudi jukwaani, na kila mtu anamwambia akae nyumbani alee paka.

Nilijua tutafunga biashara. Nani Kakuma anataka kuona bibi akisimamia vidole?

Mama Nakiru alikuja siku ya kwanza kwa ajili ya kivuli tu. Mama wa Kiturkana, ana wajukuu, anauza makaa kambini, shanga shingoni hadi kidevuni. Akakaa mbele kabisa.

Yule mzungu akaruka. Kwenye tivi ukumbi kimya, watu wamekaa na suti zao wanatazama.

Mama Nakiru akanigeukia. "Wewe DJ. Hii mama naruka peke yake. Nani naimbia yeye?"

Nikamweleza kwamba kwao watazamaji hukaa.

"Hapana. Hiyo ni matusi."

Niwaeleze wasiofika Turkana. Dansi ya kule ni edonga. Watu wanasimama duara, wanaimba, wanapiga makofi na kukanyaga chini, na hiyo ndiyo inamwinua anayeruka. Kumkodolea mtu macho akiruka mwenyewe ni kumwambia hamumtaki.

Basi akaanza kumpigia makofi yule mzungu. Akina mama wenzake wakaingilia. Baada ya siku chache, mama wa ballet akitokea tu kwenye skrini, kibanda kizima kinaimba Kiturkana, Wasudani na Wakongo wanaitikia wasichokijua. Mimi na maiki yangu hakuna anayenisikia.

"Ya DJ, wewe nyamaza tu," Deng akaniambia. "Hawa watu wanatafsiri wenyewe."

Sasa sikieni hapa.

Mama Nakiru mwenyewe alikuwa staa. Binti yake, Esther, ndiye aliyeniambia. Mama yake alikuwa kiongozi wa kikundi cha edonga cha akina mama na wasichana, wakiitwa kwenye sherehe hadi Lokitaung. Halafu goti. Akaanguka mbele ya wageni, vijana wakacheka. Akaenda nyumbani na hakurudi tena kwenye duara.

2013 ikaja na serikali ya kaunti. Lodwar kukawa na sherehe kubwa, kikundi kikaitwa. Wasichana wanajua kuruka, lakini hakuna wa kuwaongoza. Esther akambembeleza mama yake wee, wapi. Mwishowe mama akasema, "Naona kwanza hii mzungu namaliza aje. Yeye nacheza, mimi naenda."

Sisi tulicheka. Esther hakucheka. Alitaka tu kumwona mama yake kwenye duara tena, na safari ilikuwa kesho yake baada ya diski ya mwisho.

Siku hiyo kibanda kilijaa pomoni. Mama wa ballet yuko nyuma ya pazia, anafunga viatu, anasimama, na picha ikaganda.

Vumbi la Kakuma, wakuu. Deng akaifuta diski kwa shati. Tukaipaka hata dawa ya meno. Pazia limesimama vilevile.

Nikaropoka kwamba labda Lodwar kuna nyingine.

Mama Nakiru akasimama. "Basi naenda Lodwar. Diski tu. Sio kucheza."

Kesho yake tukapanda lori lililokuwa limeshusha mahindi, kikundi kizima na mimi, mtu wa kutafuta diski. Tulizunguka maduka yote ya Lodwar. Muuzaji mmoja akauliza kama hiyo ballet ina mapigano. Hatukupata.

Tukafika uwanjani mikono mitupu. Jina la kikundi likatajwa, wasichana wakaingia. Mama Nakiru akabaki pembeni, ameshika goti. Mbele, chini ya hema, wageni kwenye viti vya plastiki, kimya, simu mikononi. Nikaona anawatazama, na nikajua anaona ule ukumbi wa tivi.

Kiturkana sijui zaidi ya ejok ya kusalimia. Lakini yale makofi nilikuwa nimeyasikia mpaka yamenikaa. Nikaanza kupiga. Peke yangu, Mbukusu mzima, kama mwehu. Esther akadaka wimbo. Wasichana wakaitikia. Halafu watu waliosimama nje ya uzio wakaupokea, uwanja ukaanza kutikisika.

Mama Nakiru akaliachia goti, akaingia.

Hakuruka juu sana, sitawadanganya. Lakini aliruka wima, shanga zikapanda na kushuka, akatua, akaruka tena. Wageni wakainuka kwenye viti. Esther alikuwa anaimba huku analia, na mimi sikuwa mbali.

Miezi baadaye Deng akapata diski nzima. Kibanda kikajaa tena. Pazia likafunguka, na wakuu, yule mama wa ballet hakutoka. Alivua viatu, akampa msichana mmoja mchezaji, akaondokea mlango wa nyuma. Watu wetu walikuwa ndio kwanza wanaanza wimbo.

Nilimwonea huruma Mama Nakiru. Nikageuka kumtazama.

"DJ," akasema, "rudisha nyuma. Sisi nachelewa kuimba."

Nikarudisha. Tukaimba mapema.

Nilichojifunza ni kwamba mtu mzima akikataa kurudi, kabla hujamhubiria, angalia kama kuna aliyemwanzia wimbo.

Nanyi semeni: nani kwenu aliacha kitu alichokipenda, na nani alimpigia makofi? Nipo hapa nasoma.