Spana Habomoi Ukuta Mkavu

Wewe ungebomoa ukuta mkavu kutafuta bomba linalovuja? Hivyo ndivyo fundi bomba anayejulikana kwa jina la Spana alivyomuuliza kaka yake, mwalimu mstaafu, mbele ya daktari.

Spana ana miaka hamsini na mitatu, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza akipiga magoti, chini ya masinki ya watu. Waliomcheka zamani, "mwanamke na mabomba wapi na wapi," leo wanampigia simu alfajiri jiko likifurika maji. Ana sheria moja: hashiki nyundo kabla hajafunga koki zote za nyumba na kuchuchumaa mbele ya mita. Mshale wa mita ukitulia, hakuna bomba linalovuja, na ukuta hauguswi, hata mwenye nyumba alie.

Wiki sita nyuma tumbo lilimkata upande wa kushoto, akadondoka kazini. Skani ilionyesha vijifuko vya utumbo mpana vimevimba. Hakuna usaha, hakuna kilichopasuka. Akatibiwa, akapona. Sasa kaka alitaka utumbo uingizwe kamera.

"Ugonjwa huu lazima ufuatiliwe," alisema kaka. "Mwenzangu wa shule alipuuza, tukamzika."

"Mwenzako ni mwenzako, kaka. Utumbo ni wangu."

"Kichwa kigumu toka utotoni!"

"Na ndicho kilichonilisha."

Daktari, binti mwenye miwani, aliwaacha wamalize. "Mama, umeona damu chooni?"

"Hapana."

"Umepungua mwili?"

"Tazama mkanda. Tundu ni lile lile."

"Choo kimebadilika?"

"Saa kumi na mbili na nusu, kama kengele."

"Kwa kamera umewahi kupimwa?"

"Miaka mitatu iliyopita. Safi."

Daktari akafunga faili. "Basi kwako si lazima. Ungekuwa hujawahi kupimwa kwa umri huo, ningesema mengine. Ukiona damu, ukikonda, au maumivu yakirudi, usingoje."

"Umesikia, kaka? Mshale umetulia."

Kaka alinuna njia nzima. Walipofika nyumbani kwa kaka, Spana alimmiminia chai, kisha akamgeukia.

"Mbona unaogopa kuliko mgonjwa? Una sitini na moja. Umewahi kupimwa?"

"Mimi mzima."

"Shati linakupwaya."

"Uzee."

"Damu?"

Kaka akakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

"Nimekuuliza, kaka."

"Bawasiri tu."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi."

"Kumbe mita inayozunguka ni yako, mwalimu, na unakuja kubomoa ukuta wangu!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu!"

"Nitapiga mpaka majirani waje na viti."

Spana akatoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata alirudi na sanduku lake la vifaa, amekwisha apa kwamba atamburuta hata kwa mnyororo. Hakufika mlangoni. Kaka alikuwa nje anafunga geti, shati jeupe limefungwa vifungo hadi kooni, kadi ya hospitali inachungulia mfukoni. Alipomwona dada yake akainua kidevu, kama anayekwenda kugombana na mkuu wa shule.

"Usinifuate. Njia naijua."

Akashika barabara ya hospitali, hatua ndefu, bila kugeuka. Spana akahamishia sanduku bega la pili, akamfuata.