Mbeleko ya Kwenda Bombei

Mume wangu alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambulia pamba, tena alikuwa mwoga. Ukarani wake haukutuletea matatizo yoyote.

Mwishoni mwa miaka ya sitini tuliamua kwenda Asia. Nasema tuliamua, ila mwenye wazo nilikuwa mimi. Wazungu wawili, kijana na mkewe, walipita Kahama wakitokea huko. Lori walilodandia liliharibika karibu na nyumba yetu pale mtaa wa Nyasubi, wakalala sebuleni kwetu wakingojea fundi. Walikuwa wachafu. Walikula ugali kwa mkono wa kushoto na kuusifu kwa uongo. Lakini jioni walitandika ramani sakafuni, wakatuonyesha kwa kidole walikopita: Bombei, Lahore, Kabul, na milima ambayo theluji yake haiyeyuki. Kila walichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani ya shanta mbili za kubebwa mgongoni. Niliwadharau siku zote walizokaa, na walipoondoka niliona wivu hadi nikashindwa kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilitaka kwenda kuona, basi, kisha nirudi nifundishe jiografia ya mahali nilipopakanyaga.

Mume wangu alikubali haraka, maana kukubali ndiyo kazi aliyoiweza. Tuliuza redio, baiskeli na kitanda. Kile kitanda kiliwaudhi majirani kuliko safari yenyewe. Fundi cherehani wa sokoni alitushonea shanta mbili kwa turubai la lori, nasi tukawa tunazijaza mchanga na kuzunguka nazo jioni ili migongo izoee.

Hapo ndipo Nyasubi ilipopata burudani. Kwetu mwanamke hubeba mzigo kichwani; mgongo ni wa mtoto. Nami sikuwa na mtoto. Pale mtaani kila mwanamke aliitwa Mama Fulani, mimi niliitwa Mwalimu, na heshima hiyo waliitamka kwa sauti ya kumpa pole mfiwa. Sasa waliponiona na turubai mahali pa mtoto, wakasema Mwalimu kachoka kungoja, kaamua kubeba mchanga. Wauza kanga, waliojiona wastaarabu kwa sababu babu zao walitoka pwani, waliuliza kama Asia nzima haina punda. Niliwasalimia wote kwa adabu na kuwaona wote wajinga. Wengi wao walikuwa hawajawahi kwenda mbali kuliko Tabora, na waliofika Tabora walikwenda kuzika.

Lililokuwa likiniuma hawakulijua. Mwaka uliotangulia tulikwenda hospitali moja huko upande wa ziwa, tukapimwa wote wawili. Daktari alitukalisha, akatuambia bila kuzunguka kwamba mimi sina kasoro, na kwamba mume wangu hataweza kumpa mwanamke mimba. Wakati wa kurudi mume wangu alilia ndani ya basi, nikamwahidi kwamba sitamwambia mtu. Niliitunza ahadi hiyo. Aliyeitwa tasa mtaani nilikuwa mimi, naye alikuwa akisikia, akiendelea kunywa chai yake.

Kabla ya kuondoka ilibidi tukaage kwao, karibu na Mhunze. Nilitegemea kuagwa kwa uji na maneno mawili. Tukakuta mbuzi wamechinjwa na ukoo mzima umekusanyika. Shangazi zake walinikalisha kivulini, wakanikataza kushika hata kata ya maji, wakawa wananitazama tumboni kwa huruma. Baba zake wadogo walizungumza habari za marehemu baba mkwe, mtembezi mkubwa, aliyekuwa akienda kwa miguu mpaka Geita kutafuta dhahabu na kukaa huko misimu mizima. Wakasema mume wangu ni yeye mtupu: miguu ile ile, kutotulia kule kule. Mume wangu alinyoosha shingo kwa furaha.

Kisha mama mkwe akatoka ndani na mbeleko. Ilikuwa ngozi ya mbuzi iliyosuguliwa kwa samli hadi ikalainika, ina kamba zake za kufungia kifuani. Kwao mkwe hupewa mbeleko akishazaa, hapewi kabla. Yeye aliniwekea magotini mbele ya watu wote. Shangazi mkubwa akasema kwa sauti kwamba wamesikia madaktari wa Bombei ni hodari wa matumbo ya wanawake, nami nijikaze, nisikatae dawa hata ikiwa chungu.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akikagua paa la nyumba.

Baadaye nilimpata nyuma ya zizi, akajitetea. Angewaambiaje? Kwao mtu haondoki ila amefiwa, anaumwa, au anafuata ng'ombe. Angesema tunakwenda kuona milima, wangedhani tumerogwa.

"Nilisema tunakwenda kutibiwa," aliniambia. "Sikusema ni nani."

Nimewahi kumdharau mume wangu kwa mambo mengi, lakini hakuna lililofikia maneno yale. Safari niliyoitaka kwa miguu yangu na macho yangu alikuwa ameigeuza safari ya mgonjwa. Nikirudi mikono mitupu, ingekuwa hata Bombei imeshindwa kuniponya, na hapo wangemtafutia mke wa pili huku wakinipa pole. Nilihesabiwa mgonjwa hata kabla sijapanda meli.

Asubuhi nilichukua ile mbeleko nikamfuata mama mkwe jikoni, alikokuwa akikoroga uji peke yake. Nilipiga magoti nikamsalimu, "Mwangaluka, mayu," akaitikia bila kugeuka. Ahadi yangu ya kunyamaza niliitoa kwa mtu aliyekuwa akilia ndani ya basi. Huyu wa nyuma ya zizi sikumwahidi kitu.

"Mama, daktari alitupima wote wawili," nilisema. "Mimi sina ugonjwa. Ni mwanao."

Nilijiandaa kwa matusi. Yeye aliendelea kukoroga.

"Najua," alisema. "Baba yake naye alikuwa hivyo hivyo."

Alinieleza taratibu, mwiko haukusimama. Mke wa kwanza wa baba mkwe alirudishwa kwao kwa sababu ya ugumba, akaolewa huko Chato, akazaa mpaka akachoka. Ndipo yeye alipoletwa. Alikaa, akatazama, akaelewa. Mzee alipokwenda Geita kuchimba, yeye huku nyumbani akafanya la kufanya. Mzee aliporudi alikuta mimba, akachinja ng'ombe. Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyojaa.

"Mtoto anayebebwa kwa mbeleko ya nyumba hii ni wa nyumba hii," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Huko mnakokwenda ni mbali, na watu ni wengi. Ndiyo maana nimekupa mapema."

Kicheko kilinitoka bila kupenda. Nilijiona nikirudi Mhunze na mtoto mwenye nywele za singa, na baba wadogo wamemzunguka wakisema ni babu yake mtupu, miguu ile ile. Wangesema, sina shaka. Halafu nilimtazama yule mama, na kwa mara ya kwanza nikamheshimu mtu katika ukoo ule. Hata hivyo sikumkubalia. Mwanawe alitaka niende kama mgonjwa, naye alitaka niende kama mwizi. Hakuna kati yao aliyefikiri kwamba mwanamke anaweza kwenda tu. Nilikunja ile mbeleko, nikaiweka mapajani pake.

"Mama, mgongo wangu umeshapata mzigo wake," nilisema. "Mimi nakwenda kutazama milima."

Alinitazama kwa muda kama mtu anayetazama mpumbavu. Kisha akanimiminia uji.

Nje mume wangu alikuwa ameshavaa shanta yake na kukaza mikanda. Basi la kwenda stesheni ya Shinyanga lilikuwa karibu kupita. Aliniuliza, kwa wasiwasi, mama yake alikuwa akisema nini muda wote ule.

"Anasema umefanana sana na baba yako," nilimjibu.

Uso wake ulikunjuka. Alinisaidia kuvaa shanta yangu, akatangulia kuelekea barabarani kifua mbele, kwa miguu ile ile waliyoisifu, nami nikamfuata hadi Bombei.