Buibui Aliyepotea Kwenye Nyasi za Mama

Mke wa kaka yangu ni mwalimu wa baiolojia, anakaa na mama yetu kijijini Kaagya, na anafuga buibui. Si hawa wa kwenye dari, ni tarantula, wale wanene wenye manyoya. Mmoja alichimbuliwa shambani huko Ngenge akiwa na mfuko wa mayai, na sasa vitoto vyake, kila kimoja kama punje ya mtama, vimepangwa kwenye vikopo vya plastiki sebuleni kwa mama.

Mimi niliolewa Muleba. Nikienda kuwasalimia, namkuta mama yangu, aliyenilea kwa kufoka, amekaa mkekani bega kwa bega na wifi, wanacheka. Anafundishwa: usimshike kwa vidole, msukume taratibu kwa brashi laini apande mwenyewe kiganjani, usimpulizie pumzi, usisimame naye, maana akianguka tumbo linapasuka, na akitoroka mfunike kwa glasi. Mama anaitikia, "Ndiyo, mwanangu." Niliona wivu. Neno hilo la "mwanangu" nililitaka mimi, tena nililitaka peke yangu.

Desemba iliyopita nilifika nikakuta kikopo kimoja kitupu. Mama alikuwa amekibadilishia mfuniko na kuutoboa kwa msumari, vile tunavyotoboa mifuniko ya makopo ya senene, wale panzi wetu wa kuliwa, na kitoto kikapenya. Ningefanya hivyo mimi, ningesemwa hadi Pasaka. Wifi alisema kosa ni lake, hakumweleza kwamba tundu liwe dogo kuliko mwili wa buibui. Nikamchukia zaidi kwa upole ule.

Tabu ilikuwa nyasi. Mama alikuwa ametandaza nyasi mbichi sebule nzima, kama tunavyomtandikia mgeni, na mgeni mwenyewe nilikuwa mimi. Sasa alikuwa amepiga magoti akiziondoa unyasi mmoja mmoja, akaniambia nisisogeze mguu.

Ndipo nikamwona yule buibui, karibu kabisa na kidole changu cha mguu. Kumkanyaga ilikuwa kazi ndogo, na hakuna ambaye angejua. Badala yake nilichukua glasi mezani, nikamfunika polepole, nikapitisha kipande cha karatasi ngumu chini yake, nikainua. Masomo yote ya mkekani nilikuwa nimeyashika, huku nimenuna pembeni.

Mama aliinuka, macho yakimng'aa. Nilijua zamu yangu imefika. Akaipokea glasi kwa mikono miwili, akamgeukia wifi.

"Shika, mwanangu. Mzima kabisa."

Kisha akanikumbuka. Alinishukuru kwa heshima zote, akasema mgeni hasimamishwi, niketi niletewe kahawa ya kutafuna, zile buni kavu za kumkaribishia mgeni. Niliketi nikaitafuna, nikimwonea wivu hata yule buibui.