Uso Wangu Kwenye Ukuta wa Mkahawa

Nilikuwa dereva wa familia moja mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah. Binti yao alikuwa akisomea uchoraji, na mkahawa mmoja ukampa ukuta wake wa nje achore picha ya kupinga ubaguzi wa rangi. Akaniomba nimpe uso wangu.

"Wewe simama tu. Kazi ni yangu."

Nilisimama alasiri nne, baada ya kushika usukani tangu alfajiri, jua likinichoma kisogo. Aliniambia ninyooshe mkono, akasogeza kibao chake cha rangi karibu, akachanganya kahawia na nyeusi mpaka zikalingana na ngozi yangu. Kabla ya hapo, aliyenitazama kwa makini hivyo alikuwa askari akikagua ikama, kibali changu cha ukaazi.

Siku ya tano mwenye mkahawa alikuja, akasema uso ni mweusi mno kwa wateja wake, upunguzwe. Binti hakubishana. Nilimshikia ngazi huku akinipaka weupe mashavuni.

Jioni nilimtumia mke wangu picha, kule Kakamega. Akapiga simu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Baba watoto, mimi nakujua. Huyu si wewe."

Kesho yake, tukiwa kwenye foleni ya magari, nilimwambia binti kwamba mke wangu hakunitambua.

"Niliogopa watanipokonya ukuta," akasema.

"Najua. Hata mimi huogopa."

Alirudi siku hiyohiyo akaurudisha weusi wangu wote. Haikupita wiki, mwenye mkahawa akatundika bango la bei za kahawa juu ya uso huo. Picha ikabaki sikio moja na bega.

Binti alitaka tuingie pamoja tukalalamike. Nilimwambia aende peke yake. Kafili wangu, mwajiri anayedhamini kibali changu, alikuwa baba yake, na mzee yule hakupenda kusikia jina la dereva wake kwenye ugomvi wa watu. Hilo nililiona aibu, lakini sikufungua mlango wa gari.

Nilimwona kupitia kioo akizungumza kwa mikono, mwenye mkahawa akitabasamu. Alitoka macho mekundu.

"Halas, yameisha," akasema.

Simu ikalia. Madam, mama yake, alikuwa akisubiri kupelekwa kwa daktari wa meno. Nikawasha gari.